Kutoka Kagunga hadi Rusumo: Nani Anamjibia Mtoto Aliyevuka Peke Yake?

Kagunga haifikiki kwa gari. Anayetoka Kigoma mjini hupanda boti na kufuata ufuko kuelekea kaskazini, milima ikiwa kulia na maji ya Tanganyika kushoto, akaipita Hifadhi ya Gombe, na kuendelea hadi Tanzania inapokaribia kwisha. Kijiji kimebanwa kati ya ziwa na mteremko mkali, na Burundi iko hapo hapo kwa jirani. Aprili 2015, chama tawala cha Burundi kilipomteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, watu walianza kukimbilia huku. Katikati ya Mei walikadiriwa kuwa 50,000 kwenye ukanda huu mwembamba wa ufuko. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ilikuwa ziwa, na chombo kikubwa kilichopatikana ni MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ambayo ilibeba watu wapatao 600 kwa safari moja. Penye watu elfu hamsini na meli ya mia sita, familia hugawanyika bila mtu yeyote kukusudia: mama mgonjwa anapakiwa mapema, baba anabaki kulinda mizigo, mtoto wa miaka minane anashikwa mkono na jirani. Wanaoshuka Kigoma jioni si wale wale walioteremka mlima pamoja asubuhi. Naanzia hapa ili niondoe picha moja iliyozoeleka, ile ya mtoto anayeondoka nyumbani akiwa peke yake na kutembea peke yake hadi mpakani. Wapo watoto wa namna hiyo. Lakini upweke wa wengi hutokea njiani, kwenye foleni, kwenye gati, kwenye basi, na mara nyingi hutokea mikononi mwa utaratibu uliowekwa kuwaokoa.

Njia ninayoifuata inatoka Kagunga kwa maji hadi Kigoma, kisha kwa barabara kupitia Kasulu, Kibondo na Kakonko, ikapita Nyakanazi na kukata kuelekea Ngara na daraja la Rusumo. Vipande vyake vimekanyagwa kwa nyakati tofauti na watoto wa Burundi, Kongo na Rwanda, na kila kituo kina jibu lake kwa swali moja: mtoto huyu akipotea leo usiku, ni mtu mzima yupi atakayeulizwa? Hoja yangu ni kwamba hifadhi ya mtoto aliye peke yake haianzi na karatasi ya ukimbizi wala haiishii hapo. Inaanza pale mtu mzima mmoja anapoandikwa jina lake kuwa ndiye mlezi, na inaendelea kwa kadiri ambavyo mtu mwingine, anayelipwa kwa kazi hiyo, anarudi kuuliza hali. Ukanda wetu umefanya vizuri lile lililo gumu, yaani kupata watu wa kuwapokea watoto hao majumbani mwao. Lile la pili, ambalo ni rahisi kuliko la kwanza na lina gharama ndogo, ndilo linalokatwa kila bajeti inapopungua.

Kigoma mjini ndipo reli ya kati inapokoma baada ya kuikata nchi nzima kutoka Dar es Salaam, na mji umezoea watu wa kupita. Mwaka 2015 Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa mahali pa kupumzikia kwa waliotoka Kagunga kabla ya kupakiwa kwenye mabasi ya Nyarugusu. Kwenye vituo kama hivi ndipo meza ya usajili inapowekwa, na ni mezani hapo ambapo mtoto hupewa hadhi ambayo huenda akaishi nayo miaka kumi. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika maoni yake ya jumla namba 6 ya mwaka 2005, iliwagawa watoto hawa katika makundi mawili: yule asiye na mzazi wala ndugu wala mtu mzima yeyote anayemtunza, na yule aliyetengana na wazazi wake au mlezi wake wa kawaida lakini huenda yuko na ndugu mwingine. Mgawanyo huo una maana. Taabu ni kwamba unahitaji majibu ya kweli kutoka kwa watu ambao hawajalala siku mbili, mbele ya karani mwenye foleni ya mia tatu. Mtoto husema amekuja na shangazi yake kwa sababu anaogopa kutenganishwa na mama huyo ambaye walikutana mlimani. Shangazi wa kweli naye husema mtoto si wake, kwa kuwa amesikia kwamba watoto walio peke yao hupelekwa haraka. Isitoshe, Kiha cha wenyeji na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba mtoto wa Burundi aliyechukuliwa na familia ya kijiji cha karibu anaweza asionekane tena kwenye daftari lolote. Si lazima awe amedhulumiwa. Huenda yuko salama kuliko wenzake. Ila hakuna anayejua, na mama yake akija kumtafuta baada ya miezi mitatu hakuna pa kuanzia.

Upande wa kaskazini-mashariki mwa Kigoma, barabara inapanda milima hadi Manyovu, mpakani, wilaya ya Buhigwe. Hapa lipo jambo la kisheria ambalo halizungumzwi vya kutosha. Hadi Januari 2017 Warundi waliokuwa wakiingia Tanzania walitambuliwa kwa mkumbo: ukiwa umetoka Burundi, unahesabiwa kuwa mkimbizi bila kuhojiwa mmoja mmoja. Utaratibu huo una mizizi katika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao ulipanua maana ya mkimbizi ikafika kwa mtu anayekimbia matukio yanayovuruga amani ya nchi yake. Wengi waliutetea kwa sababu unaokoa muda. Mimi naona faida yake kubwa ilikuwa kwa watoto. Chini ya mkumbo, hakuna anayemuuliza mtoto wa miaka tisa kwa nini amekimbia. Swali linalobaki ni wewe ni wa nani, na hilo mtoto analiweza. Serikali ilipouondoa mkumbo, kila mwombaji alipaswa kueleza sababu zake mwenyewe. Mtu mzima anaweza kusema alitishiwa na nani, lini, kwa ajili ya chama gani. Mtoto anajua kwamba baba hakurudi na kwamba bibi alisema ondokeni. Kumtaka athibitishe hofu yake ya kisiasa ni kumdai ushahidi ulio kichwani mwa watu wengine, na watu hao ndio hasa waliopotea. Wapo wanaosema serikali ilikuwa na haki ya kukaza mlango baada ya kuwapokea watu wengi namna ile. Haki hiyo ipo. Hata hivyo mlango unaweza kukazwa kwa watu wazima na kuachwa wazi kwa walio chini ya miaka kumi na minane bila sheria yoyote kuvunjika.

Kutoka Kasulu, baada ya kuipita Makere, unafika Nyarugusu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vilivyomwondoa Mobutu, na baada ya Warundi kuongezwa mwaka 2015 idadi ya watu ilipita 150,000, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Ni mji wa udongo mwekundu, nyumba za tofali za kufyatua upande wa Wakongo wa zamani, na kizazi kizima ambacho hakijawahi kuishi pengine. Mtoto anayefika hapa bila mzazi hapelekwi kwenye bweni. Anatafutiwa familia, ikiwezekana yenye lugha yake na iliyotoka sehemu zake, na mara nyingi ni familia ya wakimbizi wenzake. Wanaoishi na mama mdogo au kaka wa miaka ishirini huachwa waliko, kwa makubaliano kwamba kutakuwa na mtu wa kuwatembelea. Sehemu nyingine za dunia zimechagua vingine, na matokeo yanajulikana. Januari 2016 shirika la polisi la Ulaya, Europol, lilisema watoto wasiopungua 10,000 waliofika barani humo peke yao hawajulikani waliko. Uingereza iliwaweka watoto wa namna hiyo hotelini kuanzia mwaka 2021. Januari 2023 waziri aliliambia Bunge kwamba katika watoto 4,600 waliopitia hoteli hizo, 200 walikuwa hawajapatikana, na Julai mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwaweka humo kama utaratibu wa kawaida ni kinyume cha sheria. Fedha zilikuwapo, vitanda vilikuwapo, walinzi walikuwapo. Aliyekosekana ni mtu ambaye mtoto angemkosa akiondoka. Nchi kadhaa za huko bado zinapima umri wa mtoto kwa eksirei ya mkono, ikilinganishwa na atlasi ya Greulich na Pyle ya mwaka 1959, iliyotokana na watoto weupe wa Cleveland, Ohio, waliopigwa picha miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Siri ya kijana wa Eritrea au Afghanistan inatafutwa kwenye mifupa ya watoto wa Ohio waliokwisha kuwa vikongwe.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika makala ya kujisifu, na kujisifu ndiko kunakowaumiza watoto wa Nyarugusu. Kwenye mikutano ya wafadhili husikika hotuba ndefu kuhusu ukarimu wa Mwafrika na ukoo usiomtupa mtoto, na wanaopiga makofi kwa nguvu zaidi ni wale ambao ukarimu huo unawapunguzia bili. Mtoto wa kulea anakula. Kambini chakula hutolewa kwa kadi, na kadi ina idadi ya watu. Mtoto aliyeletwa jana, hadi jina lake liingizwe, ni kinywa kimoja zaidi kwenye mgao uleule. Na mgao wenyewe haujatulia. Agosti 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likitoa asilimia 62 tu ya kiwango kamili kwenye kambi za Kigoma kwa kukosa fedha, na mwaka 2023 mgao ukashuka hadi nusu. Mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali, na masoko ya pamoja ambako wakimbizi na wanakijiji walibadilishana mahindi, mawese na dagaa yalifungwa. Mama aliyempokea mtoto wa watu akitegemea kuuza nyanya Jumamosi alinyang'anywa njia ya kumlisha. Kuni nazo zinatoka nje ya kambi, na wanaotumwa kuzitafuta ni wanawake na wasichana, ambao wamekuwa wakivamiwa na kubakwa huko porini kwa miaka yote ambayo kambi hizi zimekuwapo. Katika nyumba yenye watoto watano wa kuzaa na mmoja wa kulea, na mgao wa nusu, si lazima mlezi awe mtu mbaya ili yule wa kulea awe ndiye wa kwanza kutumwa kuni na wa mwisho kupewa daftari la shule. Njaa inapanga foleni yake yenyewe.

Hapo ndipo mfuatiliaji anapokuwa na maana, na ningependa kueleza kazi yake kwa sababu haina picha nzuri na hivyo haina watetezi. Ni mtu mwenye faili. Anakwenda nyumbani, anamuona mtoto, anauliza anaenda shule au haendi, anaongea naye bila mlezi kuwapo, anaangalia kama kadi ya mgao imerekebishwa, anapeleka habari za wazazi kwa Msalaba Mwekundu ili jina litafutwe upande wa pili wa ziwa. Akiona mambo yamekwenda vibaya, anamhamisha mtoto. Viwango vya kimataifa vya ulinzi wa watoto wakati wa dharura vinasema mfuatiliaji mmoja asizidishe watoto 25. Katika kambi, sehemu kubwa ya ziara hizo hufanywa na wakimbizi wenyewe wanaopewa posho ndogo, chini ya wafanyakazi wachache walioajiriwa. Fedha zinapokatwa, wahisani hawaanzi na mahema wala dawa, kwa sababu uhaba wa hivyo huonekana kwenye televisheni. Wanaanza na watu wa faili. Mwaka 2025, baada ya Marekani kusimamisha na kisha kufuta sehemu kubwa ya misaada yake, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza kuondoa nafasi za kazi zipatazo 3,500. Mtoto aliyepoteza mfuatiliaji haonekani tofauti siku ya kwanza. Yuko kwenye nyumba ileile, na kwenye takwimu bado anahesabiwa kuwa amepata malezi.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa linatoka kwa watu waliofanya kazi kambini na kuona maovu. Wanasema: ikiwa familia za malezi zinawatumikisha watoto, zinawaoza wasichana, zinakula mgao wao, kwa nini tusijenge vituo ambako watawekwa pamoja, walindwe na wasimamiwe? Na wanao ushahidi wenye nguvu kuliko wanavyoutumia wenyewe, nao unatoka Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wavulana wa Sudan Kusini waliotembea hadi Ethiopia, wakafukuzwa huko baada ya mtawala wake, Mengistu, kuanguka mwaka 1991, wakatembea tena. Wavulana wengi waliwekwa kwa makundi, wakajulikana kwa jina la kundi lao. Wasichana waligawiwa majumbani, kama mila ilivyotaka, wakawa watoto wa nyumba hizo. Ilipofika mwaka 2000 na Marekani ikaanza kuwachukua vijana hao, ilichukua karibu 3,600, na wasichana miongoni mwao walikuwa 89. Si kwamba wasichana hawakuwapo. Hawakuwa kwenye orodha, maana waliopewa familia walihesabiwa kuwa si wapweke tena, na familia nyingi hazikuwa na haraka ya kumpoteza msichana anayechota maji na ambaye mahari yake ingekuja baadaye. Huu ndio ushahidi mkali kabisa dhidi ya malezi ya familia ninaoujua. Hata hivyo ukiutazama vizuri, unamshtaki nani? Wavulana waliokolewa na orodha. Wasichana walikuwa na paa lakini hawakuwa na faili. Lililokosekana Kakuma ni kumuandika msichana kuwa yuko kwa fulani, na kurudi mwaka uliofuata kuuliza. Bweni halikuhitajika kwa hilo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtoto aliyetengana na wazazi akakaa kwa ndugu asihesabiwe kuwa kesi iliyofungwa. Kwa uzoefu wa dharura nyingi, kundi hilo ndilo kubwa zaidi, na ndilo linaloachwa mapema zaidi.

Kutoka Kasulu kwenda Kibondo barabara inapita kwenye miombo na mashamba ya mihogo, na umaskini unaouona si wa wakimbizi peke yao. Nduta, nje kidogo ya Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015. Mtendeli, wilaya ya Kakonko, ilifuata Januari 2016, ikafungwa mwishoni mwa 2021 na watu wake kuhamishiwa Nduta. Katikati ya vijiji hivi pingamizi la pili lina uzito wake: yatima wa Kibondo hana mfuatiliaji wala faili, kwa nini wa Burundi awe navyo? Diwani yeyote wa Kigoma anaweza kuuliza hivyo, na hakosei kuuliza. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania imeuridhia, umelijibu katika ibara ya 23: mtoto mkimbizi ambaye ndugu zake hawapatikani apewe ulinzi uleule anaopewa mtoto mwingine yeyote aliyekosa familia, kwa sababu yoyote ile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo haikuandikwa kwa ajili ya raia peke yao. Inamhusu kila aliye chini ya miaka kumi na minane, na imeiweka kazi hiyo mikononi mwa halmashauri na maofisa wake wa ustawi wa jamii. Kwa hiyo mashirika yaliyojenga mfumo wao pembeni, wenye faili zao, magari yao na fomu zao, yametukosesha nafasi. Fedha zile zile zingeajiri maofisa ustawi wa jamii wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, wenye daftari moja lenye yatima wa Makere na mtoto wa Makamba, Burundi, aliyeko Nyarugusu. Siku wafadhili wakiondoka, ofisi ingebaki. Najua maofisa ustawi wa jamii vijijini ni wachache na wengi hawana hata pikipiki. Hilo linanipa sababu ya kutaka waongezewe, kwa manufaa ya pande zote mbili.

Pingamizi la tatu ni la wanasiasa, na lina nguvu kwa sababu linafanana na huruma: mahali pazuri pa mtoto ni kwao, warudishwe. Tangu Septemba 2017, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi na shirika la wakimbizi, zaidi ya Warundi laki moja wamerudi kwa misafara iliyopangwa. Kurudi si kosa. Kwa mtoto ambaye mama yake yuko hai Makamba au Ruyigi, hakuna hifadhi inayoshinda kurudi. Lakini sentensi hiyo ina sharti ndani yake. Mama lazima awe amepatikana, amethibitishwa, na amesema yuko tayari. Kumtafuta mtu kijijini kwa jina la kilima na jina la babu huchukua wiki nyingi za mtu mwenye simu na subira, na ni kazi ileile ya mfuatiliaji niliyoieleza. Ukiiondoa, basi la kurudi linakuwa Liemba nyingine, yaani chombo kinachotenganisha huku kikisafirisha. Mtoto anayerudishwa na walezi wake wa kambini hadi kwenye mkoa wao, si mkoa wake, anaweza kuwa amerudi Burundi bila kuwa amerudi kwao.

Baada ya Kakonko njia inafika Nyakanazi, na ukikata kuelekea magharibi unaikuta Ngara, mahali palipokuwa na kambi ya Benaco, na mwisho wa nchi kwenye maporomoko ya Rusumo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja hapa kutoka Rwanda. Mwaka huo watoto zaidi ya 100,000 walitengana na familia zao ndani na nje ya Rwanda, na kazi ya kuwaunganisha ilikuwa kubwa kuliko yoyote iliyowahi kufanywa Afrika: Msalaba Mwekundu na mashirika ya watoto yaliandikisha majina, na wadogo wasiojua hata jina la baba walipigwa picha, na picha zikabandikwa kambini na vijijini. Mwaka huohuo wa 1994 unatupa pia jibu la pingamizi la mwisho, lile la wanaosema kwamba ukiwatunza watoto walio peke yao, wazazi watawatuma makusudi. Goma, upande wa Kongo, ambako Wanyarwanda wengine walikimbilia Julai 1994, vituo vya watoto wasio na wazazi vilifunguliwa kwa haraka, vikapewa maziwa na chakula ambavyo wazazi kambini hawakuwa navyo. Wapo wazazi walioona hivyo wakawaacha watoto wao mlangoni. Watoto wadogo waliokuwa ndani walikufa kwa wingi wa kutisha, kwa kuhara na kwa kukosa mikono ya kuwabeba. Kwa hiyo wasiwasi huo si wa kubuni. Isipokuwa Goma inaonyesha kwamba kilichowavuta wazazi ni jengo lenye chakula kuliko nyumba zao. Mtoto akilelewa nyumbani kwa jirani, kwa mgao uleule wa jirani, mzazi hapati faida ya kumtelekeza. Na mfuatiliaji anayetafuta ndugu ndiye anayegundua mapema kwamba mama yuko mahema manne mbele.

Ng'ambo ya daraja hilo, Rwanda imekwenda hatua ambayo wanaodai kwamba nchi maskini haiwezi wangepaswa kuitazama. Miaka karibu ishirini baada ya mwaka huo wa 1994 bado kulikuwa na watoto zaidi ya 3,000 kwenye vituo vya mayatima. Mwaka 2012 serikali iliamua kuvifunga hatua kwa hatua, na mwaka uliofuata mpango uitwao Tubarerere Mu Muryango ukaanza kuwarudisha watoto kwa ndugu au kwa walezi. Uliajiri wanasaikolojia na wataalamu wa ustawi wa jamii kwenye wilaya, na chini yao kila kijiji kikachagua mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa kuzitembelea familia. Watoto hao walikuwa raia, na hawakuwa wakisubiri kibali cha mtu kuvuka kilomita ya tano, kwa hiyo mfano hauhamishiki wote ulivyo. Wale wawili wa kijiji pia hawalipwi mshahara, na ningekuwa na mashaka nao kama wangeachwa peke yao bila mtaalamu wa wilaya juu yao. Ila fedha zilizofanya kazi hiyo zilikuwa hasa za mishahara ya watu wachache kwa kila wilaya, na usafiri wao. Kigoma yenye wilaya sita inaweza kukadiriwa kwa kipimo hichohicho, na makadirio hayo yapelekwe kwanza Dodoma kabla ya Geneva, kwa sababu anayeweza kumuamuru ofisa wa ustawi wa jamii wa Kasulu aingie kambini kila wiki na daftari lake ni serikali ya nchi ambayo mtoto yumo.